Istilahi za Safari ya Mlima wenye Theluji

Maneno yahusuyo kupanda milima mirefu yametawanyika sana katika maandishi yetu. Mengine yamo katika vitabu vya jiografia, mengine katika vya tiba, na mengine huzungumzwa na waongozaji na wapagazi bila kupata kuandikwa. Mfasiri apewapo karatasi moja tu ya maelekezo ya safari hiyo, hana budi kubisha hodi katika nyumba zote hizo. Makala hii inakusudia kueleza baadhi ya maneno hayo, na sababu za kuyachagua au kuyaacha.

Kazi hii ilinijia bila kuitafuta. Walimu kadha wa Nyarero, wilayani Tarime, tulijiandikisha kupanda Mlima Kilimanjaro kwa siku sita, kwa njia ya Marangu. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza. Kwa kuwa nafundisha Kiswahili, wenzangu walinitwika kazi ya kuitafsiri, nami niliimaliza kwa jioni moja. Ilikuwa haraka mno, kama itakavyoonekana.

Tuanze na theluji. Mtoto wa Nyarero anaijua mvua ya mawe, na barafu anaijua vizuri zaidi, kwani ameinunua shuleni ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na akifika Musoma ameona samaki waliofunikwa nayo. Theluji hajaiona. Katika kamusi maneno haya mawili hukaribiana, na asili zake zinaeleza kwa nini. Theluji limetoka katika Kiarabu, na barafu katika Kiajemi, ambako neno barf maana yake ni theluji yenyewe. Yaani maneno yote mawili yalifika pwani yakibeba maana moja au zilizokaribiana sana, na Waswahili wakayagawia kazi: theluji ni ile laini inayoanguka kutoka mawinguni, na barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Mgawanyo huu ni mzuri, nasi tuushike. Apandaye Kibo hukutana na vyote viwili, wala havikanyagwi kwa namna moja: theluji huzamisha mguu, barafu huutelezesha. Umande ulioganda juu ya majani alfajiri si theluji wala si barafu. Huo una jina lake, sakitu.

Yafaa hapa kukumbuka habari ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huu tarehe 11 Mei, 1848. Alipomwuliza mwongozaji wake weupe ule wa kileleni ni nini, alijibiwa kwamba ni "baridi". Rebmann aliliona jibu hilo kuwa pungufu, akaandika kwamba bila shaka ile ni theluji. Na huko Ulaya wako wataalamu waliokataa kwa miaka mingi kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mimi simlaumu yule mwongozaji. Hakuwa na jina la kitu chenyewe, akakiita kwa jinsi kinavyomfanya mtu.

Kwa barafu kubwa ya kudumu inayosogea polepole mlimani, baadhi ya maandishi hutumia barafuto, neno lililofumwa kutokana na barafu na mto. Mwanafunzi wangu mmoja alilisoma "barafu moto", darasa zima likacheka. Katika vitabu vya elimu libaki. Katika karatasi ya msafiri naona afadhali kusema mto wa barafu. Na iwe kwa neno lolote, mfasiri asiandike kana kwamba barafu ya Kibo ni ile ile ya zamani, kwa maana zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililofunikwa mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka.

Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira na Mawenzi ni volkano zilizokufa. Kibo ni volkano iliyolala, na tofauti hii si ya mapambo, kwa sababu ndani ya kasoko yake bado yako matundu yatoayo mvuke wenye harufu ya salfa. Kasoko ndilo neno nililolitumia badala ya kreta. Ni fupi na lina sura ya Kiswahili. Ukingo wa kasoko usichanganywe na kilele. Msafiri wa njia ya Marangu hufika kwanza ukingoni, kwenye mita 5,685 hivi, na wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, kiko mbele bado.

Majina ya mahali yasitafsiriwe. Vituo vya Mandara na Horombo vinachukua majina ya watawala wa Uchaga, nayo yalishika nafasi ya majina ya Wajerumani, Bismarck na Peters. Kilele nacho kiliitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm mpaka nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Majina yaliyobadilishwa kwa makusudi namna hiyo ni sehemu ya historia.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Siku ya tatu tulipangiwa kubaki Horombo, kwenye mita 3,720 hivi. Neno la Kiingereza lililoieleza siku hiyo lilinishinda, na kwa kuwa sikuona safari ya kwenda kituo kingine, niliandika "siku ya mapumziko". Wenzangu waliisoma wakalala. Saa nne asubuhi mwongozaji aliingia, akaichukua karatasi yangu na kuitazama.

"Mwalimu, nani aliyewaambia leo ni mapumziko?"

Nikanyamaza.

"Leo ni siku ya kupanda. Mnapanda mpaka Mawe ya Pundamilia, kisha mnarudi kulala hapa hapa."

Wanne tuliondoka naye. Watatu walibaki kitandani, wakisema kwamba karatasi imewaruhusu. Usiku wa kwenda kileleni mmoja wa hao watatu alianza kuyumba kama mlevi, na alipoulizwa jina la shule yake alisita. Mwongozaji hakumwambia akae apumzike. Alimpa msaidizi wake amshushe usiku ule ule. Alipofika Horombo alikuwa anazungumza vizuri. Siwezi kudai kwamba neno langu ndilo lililomwuguza, maana hata waliotembea huweza kuugua. Lakini tangu siku hiyo siandiki tena "mapumziko" mahali hapo. Naandika siku ya kuzoea mwinuko, na chini yake naeleza kazi ya siku hiyo: panda juu, rudi ulale chini.

Kwa nini mwinuko, na si kimo au urefu? Kimo twakitumia zaidi kwa mtu au kitu kisimamacho, na urefu ni wa mlima wenyewe. Mwinuko ni hali ya mahali kuwa juu ya usawa wa bahari, na ndio unaomwuguza mtu. Kwa hiyo ugonjwa wa mwinuko unatosha. Wengine husema ugonjwa wa baridi, na hilo ni kosa la hatari, kwa kuwa mgonjwa ataongezewa blanketi badala ya kushushwa. Kadhalika si sahihi kuandika kwamba kileleni "hakuna oksijeni". Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, kama asilimia 21. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo kileleni ni karibu nusu ya ile ya pwani. Hewa hafifu ni maneno yanayofaa.

Dalili za mwanzo, yaani kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, hazina shida kwa mfasiri. Shida ni hali mbili za hatari, maji katika mapafu na uvimbe wa ubongo. Hizi zitajwe kwa maneno haya ya wazi, pamoja na ishara zake: kuhema hata mtu akiwa ameketi, kukohoa povu, kuyumba, kuchanganyikiwa. Tena kitenzi kinachofuata kiwe shuka, katika hali ya kuamuru, bila "ikiwezekana".

Yamebaki majina ya watu. Mwongozaji linafaa kuliko kiongozi, ambalo limekwisha kuwa la siasa na ofisi. Neno la Kiingereza lisiswahilishwe kabisa, kwani likitamkwa kwetu huangukia gaidi, na sijui ni mgeni gani atakayekubali kumfuata huyo mpaka kileleni. Mpagazi ni neno la kale la misafara ya bara, nalo linaeleweka kote. Ndilo nililoliandika katika kanuni isemayo kwamba mzigo wake wa safari usizidi kilo 20. Wenyewe mlimani hujiita wagumu.

Karatasi nimeiandika upya, nikampelekea nakala yule mwongozaji wetu aisahihishe. Ilirudi ikiwa na masahihisho mawili. Kwanza, penye "tembea taratibu" aliandika polepole, mara mbili. Pili, penye "mpagazi" hakufuta kitu. Aliandika mgumu juu yake kwa penseli, na kando akatia alama ya kuuliza. Mpaka sasa maneno yote mawili yamo katika nakala yangu, moja juu ya jingine.