Mvua, Pete za Miti na Machipukizi: Misitu ya Tindiga, Wilaya ya Kilosa

Neno tindiga maana yake ni kinamasi, na jina hilo linafaa kuwa mwanzo wa hoja. Pale ambapo uwanda wa mafuriko unakaribiana na misitu ya miombo, kipimo cha mvua peke yake hakielezi ukuaji wa mti. Sharti pia kuuliza mti umesimama wapi na umefikia umri gani.

Kilosa imo katika mpito kati ya maeneo yenye vuli na masika na yale yenye msimu mmoja wa mvua. Miombo huchanua majani mapya, mara nyingi mekundu, kabla ya mvua kuanza, kwa kutegemea akiba ya shina na mizizi. Kwa hiyo vuli ikichelewa, mti huwa umekwisha kutumia akiba hiyo. Athari yake huweza kusomwa katika pete za shina. Utafiti wa mninga nchini Zimbabwe ulithibitisha kuwa pete hizo hufanyika kila mwaka na hufuata mvua. Hata hivyo, matokeo hayo hayahamishiki Kilosa moja kwa moja: El Niño, ambayo kusini mwa Afrika huelekea kuleta ukame, Afrika Mashariki huzidisha vuli, kama ilivyokuwa mwaka 1997.

Tena mvua nyingi si neema kwa kila mti. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu makazi na reli wilayani Kilosa. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa. Mti wa mlimani hunawiri mwaka uleule ambao wa bondeni unadhoofika.

Udhaifu mkubwa wa pete, kwa maoni yetu, ni kwamba husimulia habari za walionusurika tu. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, ukibakiza mzizi, hadi upate nguvu ya kusimama. Mwaka wa mvua nyingi hukuza pia nyasi. Zikikauka, huwa kuni za moto unaoiteketeza miche hiyo. Mti mzima huweza kuwa na pete pana, na chini yake pasiwe na mrithi.

Suala hili lina uzito wa pekee Kilosa, ambako mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012 uligawa misitu ya baadhi ya vijiji katika vitalu vinavyovunwa kwa mzunguko wa miaka 24. Mzunguko huo hutegemea machipukizi ya visiki, ambayo ukame na moto huyapata yakiwa bado mafupi. Upimaji wa vitalu hivyo hauna budi kuhesabu machipukizi yaliyo hai baada ya kila kiangazi, sambamba na unene wa mashina.