Kifaa cha Kujitengenezea Kinapoazimwa: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Magari

Mji wa Mafinga, katika Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, upo kandokando ya barabara kuu ya Tanzania–Zambia. Malori ya masafa marefu hupita hapo usiku na mchana, pamoja na yale yanayobeba magogo na mbao kutoka Shamba la Miti Sao Hill. Kazi ya matengenezo ni nyingi, ilhali vifaa maalumu vya kiwandani ni ghali na baadhi yake huhitajika mara chache tu kwa mwaka. Kwa sababu hiyo mafundi wa gereji ndogo, na hata wenye magari wanaopenda kujitengenezea wenyewe, huunda vifaa vyao kwa vyuma chakavu: kifaa cha kuvutia beringi, kifaa cha kubania springi, bomba la kurefushia spana, stendi ya kushikilia gari. Kisha huazimana.

Kuazimana huku kuna manufaa makubwa. Hupunguza gharama kwa fundi na kwa mteja, na humwezesha kijana anayeanza kazi kufanya kile ambacho mtaji wake usingemruhusu. Makala haya hayakusudii kukukataza. Yanakusudia kueleza hatari moja ambayo mara nyingi haionekani: aliyetengeneza kifaa anajua mipaka yake, lakini anayekiazima hupokea chuma bila maarifa hayo.

Mipaka isiyoonekana kwa macho

Mfano wa kwanza ni springi bapa za malori. Chuma chake ni kigumu na hupendwa kwa kutengenezea vifaa. Hata hivyo kina kaboni nyingi kuliko vyuma vya kawaida vya ujenzi, na kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza na kuachwa kipoe polepole, sehemu iliyo karibu na mchomeleo huwa ngumu na yenye kuvunjika kwa urahisi. Kifaa cha namna hiyo hakipindi ili kumwonya mtumiaji. Hukatika ghafla.

Mfano wa pili ni bolti. Bolti nyingi za kiwandani huwa na namba kichwani. Yenye alama 8.8 ina nguvu ya kuvunjika maradufu ya ile yenye alama 4.6, hata kama unene na urefu wake ni sawa. Fundi aliyeunda kifaa cha kuvutia beringi kwa bolti za 8.8 amekipima kwa mazoea yake. Mwazimaji akivunja bolti moja, akaweka nyingine isiyo na alama na kukirudisha bila kusema, atakayekitumia baada yake ameachiwa hatari asiyoijua.

Bomba la kurefushia spana

Hiki huenda ndicho kifaa chepesi kuliko vyote kutengeneza, na hakuna anayekihofia. Nati za tairi za magari mengi madogo hutakiwa kukazwa kwa nguvu ya takriban nyutoni mita 100. Hiyo ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 34 hivi mwishoni mwa spana ya sentimita 30. Bomba likiufanya mkono huo kuwa sentimita 90, msukumo ule ule huzalisha nyutoni mita 300. Bolti ya tairi iliyokazwa kiasi hicho huweza kuvutika na kudhoofika, kisha ikakatika gari likiwa safarini. Bomba litumike kufungulia nati zilizoganda, kwa tahadhari, na lisitumike kukazia.

Vifaa visivyofaa kuundwa kienyeji wala kuazimwa

Kanuni ni rahisi: kifaa ambacho kikishindwa huachia uzito wa gari juu ya mtu, au huachia nguvu iliyobanwa, kisitengenezwe kwa kukisia. Vifaa vya aina hiyo ni pamoja na hivi:

1. Stendi za kushikilia gari. Jeki ni ya kuinulia tu, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Tofali za saruji hazifai kuwa mbadala, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kuonyesha dalili. Vipande vya mbao ya paini, ambavyo Mafinga havikosekani, ni laini na hupasuka kufuata nyuzi zake.

2. Vifaa vya kubania springi za shokapu. Springi iliyobanwa huhifadhi nguvu ya kutosha kuua ikifyatuka.

3. Vizimba vya kujazia upepo tairi za malori zenye rimu za pete. Pete isipokaa sawasawa huruka kwa kasi kubwa. Kizimba kilichochomelewa bila kipimo humpa fundi imani asiyopaswa kuwa nayo.

Kwa kazi hizi, inashauriwa mafundi kadhaa wachangie na kununua kifaa kimoja cha kiwandani chenye maelezo ya uzito kinaoweza kuhimili, kisha wakitumie kwa zamu. Moyo wa kushirikiana unabaki, na hatari inapungua.

Ukaguzi wakati wa kutoa na kupokea

Ukaguzi ufanywe na pande zote mbili zikiwa pamoja. Kifaa kisafishwe kwanza, kwani grisi huficha nyufa. Vichwa vya tindo na vifaa vingine vinavyopigwa nyundo vikaguliwe. Kichwa kilichotanuka mfano wa uyoga kisagwe, kwa sababu vipande vyake huruka na kuweza kupofua jicho. Nyuzi za bolti zitazamwe kama zimelika au kuvutika.

Kwa nyufa nyembamba kuna njia ya zamani iliyotumiwa na karakana za reli. Futa sehemu ya mchomeleo hadi iwe safi, ipake mafuta ya taa na uiache kwa muda ili yapenye. Ifute tena iwe kavu kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa unaofika juu, mafuta yaliyobaki ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Kifaa chenye mstari huo kiondolewe kwenye matumizi. Kazi hii ifanyike mbali na moto, na kifaa kisichomelewe kabla ya mafuta kukauka. Njia hii haionyeshi kasoro zilizo ndani ya chuma. Kwa hiyo kukosekana kwa mstari si uthibitisho wa usalama.

Maelezo yanayosafiri na kifaa

Kila kifaa kinachoazimwa kiandikwe kwa rangi au kugongwa alama: kazi yake, aina ya gari au ukubwa wa beringi kilichokusudiwa, na jina la aliyekitengeneza. Uzito wa mwisho uandikwe tu kama kifaa kimepimwa. Namba ya kukisia ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, kwani atakayeisoma ataiamini. Pamoja na alama hizo, liwepo daftari dogo la kuazimia linaloonyesha tarehe, mwazimaji, hali ya kifaa kilipotoka na kiliporudi, na matengenezo yoyote yaliyofanyika.

Wajibu kisheria

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inagusa jambo hili. Anayemkabidhi mwenzake mali kwa matumizi anapaswa kumweleza kasoro anazozijua zinazoweza kumletea madhara. Akiikodisha kwa malipo, wajibu wake ni mzito zaidi: anaweza kuwajibika hata kwa kasoro ambayo hakuijua. Naye mpokeaji anapaswa kuitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza mali yake, na asiitumie nje ya makubaliano. Kwa gereji yenye waajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha mazingira ya kazi ni salama, na vifaa vya kazi ni sehemu ya mazingira hayo.

Kwa mwenye gari

Gari lililoachwa gereji limekabidhiwa pia. Una haki ya kuuliza litashikiliwa na nini, na nati za tairi zitakazwa kwa kifaa gani. Uliza kwa heshima, kabla ya kazi kuanza. Ukiona gari lako limewekwa juu ya tofali na kijana yupo chini yake, omba kazi isimamishwe hadi stendi ipatikane, hata kama umechelewa safari. Baada ya kufungwa tairi, simama ukaguliwe tena ukazaji wa nati ukiwa umetembea kilomita 50 hadi 100.

Mafundi wanaotaka kuboresha vifaa vyao wanashauriwa kuomba ushauri kwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) na kwa vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Wanaonunua vifaa vya kiwandani na kutilia shaka ubora wake watoe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wakihifadhi risiti na kifaa chenyewe.