Anayetaka kuzeekea Newala aanze na hati, si nyumba

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika vijiji vya Masasi na Newala, mgeni aliyekaa miaka 20 akiuguza wagonjwa au kufundisha shule huwa amekwisha kupewa jembe, jina na hata mahali pa kuzikwa. Kitu ambacho wenyeji hawana mamlaka ya kumpa ni haki ya kuendelea kuishi hapo baada ya kustaafu.

Haki hiyo hutolewa na Idara ya Uhamiaji, nayo hutolewa kwa maandishi.

Suala hili si geni katika wilaya hizo za mkoa wa Mtwara. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876 wakiwa na watu waliokombolewa utumwani, na Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906. Kwa upande wa kusini, Mto Ruvuma haujawahi kuutenganisha ukoo wa Wamakonde. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964 na kumalizika mwaka 1974, vilivusha maelfu ya wakimbizi kuingia Tanzania, na tangu mwaka 2010 Daraja la Umoja pale Mtambaswala limerahisisha safari za kwenda na kurudi.

Kwa sababu hiyo, wanaotaka kumalizia uzee wao katika maeneo hayo wako katika makundi matatu, na kila kundi lina njia yake kisheria.

Mgeni mstaafu

Kundi la kwanza ni la raia wa kigeni asiye na asili ya Tanzania, kama vile daktari, muuguzi au mwalimu aliyefanya kazi nchini kwa miaka mingi. Kibali alichokuwa nacho akiwa mwajiriwa hufungamana na ajira, na ajira ikikoma hakiwezi kumhalalishia ukaazi. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 ina madaraja matatu ya vibali vya ukaazi: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa waajiriwa, na C kwa makundi mengine wakiwamo wanafunzi, watafiti, wamisionari na wastaafu.

Maombi huwasilishwa kwa njia ya mtandao. Mwombaji anapaswa kuwa na pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kuisha, picha, barua ya maombi, maelezo ya mahali atakapoishi na uthibitisho wa kipato, yaani barua ya mfuko wa pensheni au taarifa ya benki. Nyaraka za Kijerumani, Kireno au lugha nyingine ya kigeni zitafsiriwe na kuthibitishwa mapema, kwa kuwa kazi hiyo ni ngumu kuifanya ukiwa Newala.

Hata hivyo, kibali hicho kina muda maalumu na hakimpi mwenye nacho ruhusa ya kuajiriwa. Mstaafu anayefikiria kusaidia zahanati siku mbili kwa wiki aulize kwanza kuhusu kibali cha kazi, kinachosimamiwa na sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni.

Upande wa pensheni nao unahitaji hesabu. Mifuko mingi ya nje humtaka mstaafu athibitishe kila baada ya muda kwamba yu hai, na fomu isiporudi malipo husimama. Aidha, pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi kila mwaka kwa mtu anayeishi Tanzania. Kiasi atakachoanza nacho ndicho atakachoendelea kukipata, ingawa bei za vitu zitapanda.

Mzaliwa aliyebadili uraia

Kundi la pili ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu wengi hawajihesabu kuwa wageni. Mtu aliyezaliwa Newala, akaenda Ulaya au Uarabuni kutafuta maisha na kuchukua uraia wa huko kwa hiari akiwa mtu mzima, kwa kawaida amepoteza uraia wa Tanzania. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, yaliyoweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania ambao ni raia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo si uraia. Lakini mwombaji atalazimika kuonyesha asili yake, na hapo ndipo cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo au cha shule kilichoachwa kwenye sanduku la bibi kinapokuwa na thamani kubwa.

Ndugu wa ng'ambo ya Ruvuma

Kundi la tatu ni la wazee wenye asili ya Msumbiji. Wapo waliozaliwa upande wa Tanganyika kabla ya Uhuru wakiamini kwamba mahali pa kuzaliwa panatosha. Kwa kanuni iliyoanza kutumika Desemba 9, 1961, aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo.

Asiye raia anaweza kuomba uraia wa tajnisi. Sharti mojawapo ni kuwa ameishi nchini kwa miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kwa jumla ya miaka isiyopungua saba katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Miaka hiyo huthibitishwa kwa nyaraka, na mzee aliyeishi nusu karne bila karatasi yoyote hukutana na ugumu huo akiwa amechoka.

Nyumba na mikorosho

Kosa linalogharimu zaidi ni kununua shamba kwanza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hakimiliki ya kimila inayotolewa kijijini ni ya raia.

Matokeo yake, mgeni hutoa fedha, na jina linaloandikwa ni la rafiki au mtoto wa jirani. Mambo huenda vizuri mpaka mmoja wao afariki. Mkorosho huzaa kwa miongo mingi, na mwenye jina kwenye karatasi ndiye mwenye korosho ghalani. Mjane wa mgeni huyo anaweza kujikuta hana shamba wala kibali, kama ukaazi wake ulitegemea wa mumewe.

Njia salama ni kupanga nyumba kwa mkataba wa maandishi, kuandika wosia mbele ya wakili, na kuanza kushughulikia kibali miezi kadhaa kabla ya siku ya kustaafu. Ofisi ya Uhamiaji iulizwe masharti na ada za wakati huo, kwani hubadilika.

Wanakijiji wanaweza kumzika mgeni wao kwa heshima zote bila kuulizwa hati. Lakini kwa mali atakayoiacha usemi wa wahenga ni mwingine: mali bila daftari hupotea bila habari.