Intaneti inasuasua nyumbani? Tazama paa kabla ya kuongeza kifurushi

Kayanga. Saa mbili usiku, mtoto wa kidato cha pili anataka kufungua kitabu cha Biolojia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ukurasa unazunguka tu. Mama anatoka na simu, anasimama karibu na migomba, kitabu kinafunguka. Akirudi sebuleni, kinakwama tena.

Familia nyingi za Karagwe na Kyerwa zinaijua hali hii, na nyingi huitibu kwa dawa isiyo yake: kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi huongeza kiasi cha data, lakini hakisogezi mnara. Mawimbi ya simu hudhoofika kwa umbali, huzuiwa na vilima, na hupata shida kupenya ukuta wa tofali na paa la mabati. Nyumba iliyo bondeni, nyuma ya kilima, hupokea mabaki tu. Hapo ndipo antena ya nje inaweza kusaidia.

Pima kwanza

Kama ilivyo kwa mgonjwa, kipimo hutangulia dawa. Simu nyingi za Android zina sehemu ya mipangilio inayoonyesha hali ya laini na nguvu ya mtandao. Utaona namba yenye alama ya kutoa, ikifuatiwa na herufi dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri, ndivyo mtandao ulivyo na nguvu. Kwa 4G, -85 ni nzuri; -115 ni dhaifu sana. Kila namba inapopanda kwa 3, nguvu huongezeka mara mbili. Ukitoka -113 hadi -104, umepata mara nane.

Pima sebuleni, kisha uani, kisha mahali palipoinuka. Kama nje ni bora zaidi kuliko ndani, antena itakufaa. Lakini kama namba ni nzuri kotekote, na intaneti inakimbia alfajiri kisha inakwama jioni, mnara umeelemewa na watumiaji. Kwa hali hiyo antena haitaleta nafuu kubwa, na ni heri ujaribu laini ya kampuni nyingine.

Kabla ya kutoa hela, weka ruta juu, karibu na dirisha linalotazama mnara. Wapo wanaopona kwa hilo tu.

Antena ipi?

Hakikisha ruta yako ina matundu ya kuchomeka antena. Ruta nyingi ndogo za mfukoni hazina. Kisha uliza kama antena inashika masafa ya 4G ya laini yako. Antena ya televisheni si mbadala.

Kuna antena inayopokea pande zote na inayotazama upande mmoja. Kwa nyumba iliyo mbali na mnara, ya upande mmoja hufaa zaidi. Igeuze kidogo, subiri dakika moja, soma namba, geuza tena. Kwa kuwa 4G hutumia njia mbili kwa pamoja, chagua antena yenye waya mbili, au funga antena mbili.

Waya uwe mfupi na mnene. Waya mwembamba wa mita 10 unaweza kumeza zaidi ya nusu ya nguvu uliyoipata juu, na hela yako ikawa imeishia njiani.

Kwa wanaoishi karibu na mpaka wa Rwanda au Uganda, angalia antena isije ikanasa mnara wa ng'ambo. Zima huduma ya kutumia mitandao ya nje ili salio lisikatwe bila habari.

Pia usichanganye antena na kifaa cha umeme cha kukuza mawimbi. Kifaa hicho kinaweza kuvuruga mnara na majirani. Usikifunge kabla ya kuuliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Radi na nyaya za umeme

Ukanda wetu wa Maziwa Makuu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Utafiti uliochapishwa 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani. Nguzo ya chuma juu ya paa isiyounganishwa ardhini ni hatari kwa kila aliye ndani. Mwite fundi umeme afunge waya wa ardhini na kinga ya radi. Mawingu yakitanda, chomoa waya wa antena na wa umeme mapema. Radi ikishaanza, usiguse. Wala usichomeke tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Nguzo isimamishwe mbali na nyaya za umeme, umbali unaozidi urefu wake, ili hata ikianguka isizifikie. Na watoto wasipande kuigeuza.

Vipi kuhusu mionzi?

Hili huwasumbua wazazi wengi. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi ambao bado ni mdogo. Kinachojulikana ni kwamba simu au ruta inayotafuta mtandao kwa shida hutuma mawimbi kwa nguvu kubwa zaidi. Inapopata mtandao mzuri hupunguza nguvu, na antena iliyo juu ya paa iko mbali na kitanda cha mtoto.

Na kama hata juu ya paa namba haisogei, tatizo hilo halitibiwi na familia moja. Lipelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji na diwani. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotokana na sheria ya 2006, upo kwa ajili ya kusaidia minara ifike vijijini. Nendeni na namba mlizopima, zitawasaidia kujieleza.