Tusiyachafue Mapango ya Unguja

Sisi wa Singida tumezoea majabali ya itale, ambayo mvua huyapitia juu kwa juu. Ndugu zetu wa kusini na mashariki ya Unguja wanakaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya mvua, yakichanganyika na hewa ya kaboni ya udongoni, huyayeyusha polepole na kuchimba mapango.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Unguja iliungana na bara. Pemba, kwa kina cha mkondo wake, ilibaki kisiwa. Katika Pango la Kuumbi, Jambiani, wataalamu wamefukua mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wasiokuwako tena kisiwani.

Lakini mapango hayo si kumbukumbu tu. Ni njia za maji. Mawe yenye matundu hayachuji uchafu: wa chooni na jaani hufika visimani upesi. Nayo bahari inapanda tena, ikisukuma chumvi kuelekea visima.

Twawasihi wananchi wasitupe taka mapangoni. Serikali nayo isiruhusu mashimo ya vyoo karibu na vyanzo vya maji. Kinga ni bora kuliko tiba.