Mbunge hupimwa kwa neno lake, si kwa zulia



Msimu mmoja wa uchaguzi, kamati ya msikiti wetu hapa Akheri, chini ya Mlima Meru, iliketi baada ya sala ya Isha ikiwa na ajenda moja tu. Mtu mmoja aliyekuwa akiutaka ubunge, ambaye hatutamtaja, alituma ujumbe kwamba yu tayari kutuletea mazulia mapya ya msikiti mzima, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Haja ilikuwepo. Mazulia yetu yalikuwa yamechakaa hata nyuzi za chini zikaonekana, na miezi ya baridi wazee walikuwa wakiumia magoti wanaposujudu. Wajumbe wengi walisema tupokee, tumwombee dua, yaishe.

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa, ndiye aliyetunyamazisha. "Habari ya zulia tumeisikia," alisema. "Akifika Dodoma atasema nini?"

Hakuna aliyejua. Sisi tulioshika kalamu ya ukatibu tuliliandika swali hilo katika kumbukumbu za kikao, na kikao kikaahirishwa kwa wiki moja. Katika wiki hiyo tulijitahidi kulitafutia jibu, na makala hii ni matunda ya jitihada hiyo.

Takrima na amana

Neno takrima tumelichukua kutoka Kiarabu, nalo lina asili moja na ukarimu. Lakini katika siasa za nchi yetu lilipata sura nyingine: ukarimu wa mgombea kwa mpiga kura. Sheria ya uchaguzi iliwahi kuuruhusu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo suala la zulia halikuwa la adabu tu. Lilikuwa pia suala la sheria.

Juu ya hilo, tuitazame kazi yenyewe. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi: kuwauliza mawaziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara, kutunga sheria. Humo hamna zulia, hamna mifuko ya saruji wala jezi za mpira. Chombo cha kazi cha mbunge ni neno, na neno hilo amekabidhiwa na wengine. Katika dini yetu kitu cha namna hiyo huitwa amana, na amana ina mwenyewe atakayeidai.

Wameru wanalijua jambo hili

Watu wa mlima huu hawahitaji kufundishwa thamani ya msemaji. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa wananchi wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, aliifikisha kesi ya Wameru Umoja wa Mataifa, New York. Ilikuwa miaka mitatu kabla Mwalimu Nyerere hajasimama mbele ya Baraza la Udhamini. Wananchi walichanga fedha zao ili mtu wao asafiri. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini malalamiko yao yaliingia katika kumbukumbu za dunia, na hakuna aliyeweza tena kusema kwamba Wameru waliondoka kwa hiari.

Tazama mwelekeo wa fedha: wazee wetu ndio waliomchangia msemaji, naye akaenda kusema. Leo tunataka msemaji atuchangie sisi, kisha hatuulizi alichosema.

Miaka michache nyuma tuliionja hali ya kutokuwa na msemaji kabisa. Jimbo letu la Arumeru Mashariki lilimpata Ndugu Joshua Nassari katika uchaguzi mdogo wa Aprili 2012, baada ya kifo cha Mheshimiwa Jeremiah Sumari. Machi 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti ki wazi, kwa sababu mbunge hakuhudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo. Ibara ya 71 ya Katiba inasema asiyehudhuria kiasi hicho bila ruhusa ya Spika hupoteza ubunge. Mwenyewe alieleza kwamba alitoa taarifa, na kwamba alikuwa akimuuguza mkewe aliyekuwa akijifungua nje ya nchi. Alikwenda Mahakama Kuu, hakufanikiwa. Hatuandiki haya ili kumhukumu, kwani mke kujifungua ni jambo zito kwa mume yeyote. Ila kwa mwananchi hesabu ni moja: Septemba 2018, Novemba 2018, na mkutano ulioanza mwishoni mwa Januari 2019, neno la jimbo halikusikika.

Neno lililofuatiliwa

Je, neno likisemwa, linaleta nini? Tumchukue mbunge mmoja ambaye michango yake inafuatilika tangu siku ilipotamkwa hadi ilipotua: Ndugu Zitto Zuberi Kabwe, aliyeingia Bungeni mwaka 2005 kutoka Kigoma Kaskazini akiwa na umri wa miaka 29. Hatumtaji ili kukipigia debe chama. Yeye mwenyewe alihama CHADEMA kwenda ACT-Wazalendo mwaka 2015, na wapo wanaompinga kwa hoja.

Agosti 2007 alitoa hoja kwamba Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa saini London mwezi Februari mwaka huo. Hoja ilikataliwa, naye akasimamishwa kuhudhuria Bunge hadi Januari 2008. Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria mpya ya Madini, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 ya thamani baada ya kutolewa gharama hadi asilimia 4 ya thamani ghafi. Sheria ile haikuwa kazi ya mtu mmoja. Lakini swali lililofukuzwa mlangoni lilirudi likakaribishwa sebuleni.

Mwaka 2011 aliikataa posho ya vikao, kwa hoja kwamba kuketi kikaoni ndiyo kazi yenyewe ambayo mbunge analipwa mshahara. Wenzake wengi hawakupendezwa. Sisi tunaona hoja hiyo inagusa ustawi wa kila nyumba, kwa sababu mfuko wa nchi ni mmoja, na shilingi iliyokwenda kwenye posho haiwezi kwenda pia kwenye dawa za zahanati.

Tarehe 26 Novemba 2014, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, alisimama kuwasilisha taarifa juu ya Akaunti ya Escrow ya Tegeta, ambamo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetoka Benki Kuu. Fedha hizo ziliwekwa huko kwa sababu ya mgogoro wa TANESCO na kampuni ya IPTL juu ya gharama za umeme. Kamati ilisimama juu ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na uchunguzi wa TAKUKURU. Mjadala uliendelea kwa siku kadhaa, na Bunge likapitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu, na Januari 2015 akafuata Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo. Kinyozi wa Tengeru anayenunua umeme wa kukatia nywele huenda hakuusikia mjadala ule, lakini ulikuwa ukimhusu.

Kazi iliyobaki ni yetu

Mwaka 2016, televisheni ya taifa ilipoacha kurusha mijadala yote moja kwa moja, kumfuata mbunge kulikuwa kazi ya makusudi. Hata hivyo kila lisemwalo Bungeni huandikwa katika Taarifa Rasmi, ziitwazo Hansadi, nazo huwekwa katika tovuti ya Bunge. Kijana mwenye simu anaweza kuwasomea wazazi wake baada ya Magharibi: mbunge wetu aliuliza nini, waziri alijibu nini, na mwaka uliofuata aliuliza tena au alisahau?

Wiki ilipokwisha kamati ilikutana tena. Tuliwaalika pia wawakilishi wa upande wa akina mama. Bi mmoja alisema hataki zulia. Anataka kujua, kwa kuwa nchi sasa ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, familia isiyo na mshahara, inayosubiri msimu wa kahawa, italipaje. Swali hilo likawa la kwanza katika barua yetu kwa mtia nia. La pili lilihusu mahudhurio yake, na la tatu ni namna atakavyorudi kutueleza aliyoyasema. Barua ilimshukuru kwa nia yake, ikamwomba asilete mazulia.

Jibu halikuja hata leo. Mazulia tumeyanunua wenyewe kwa awamu, kwa michango ya baada ya mavuno, na upande wa akina mama ndio uliotangulia. Safu mbili za nyuma za wanaume bado zinasali juu ya mikeka. Maswali matatu yamo katika daftari la kumbukumbu, na kila atakayekuja kutuomba kura, kwa chama chochote, atasomewa ukurasa huo.

Wabillahi tawfiq.