Mvumo wa mbele

Juma hili, wasikilizaji wangu wapenzi, tuzungumze juu ya mvumo. Sisemi mvumo wa siasa, huo tumeuzoea. Nasema ule unaotoka mbele ya gari, chini huko, ambao ukiongeza mwendo unapanda, ukipunguza unashuka, na ukisimama hausikiki kabisa. Fundi akija anakuta gari limetulia kama mtoto mbele ya mgeni.

Wa kwangu niliusikia mara ya kwanza katika barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Matai, kabla hatujafika Msanzi. Barabara hiyo ilipokuwa ya mawe na vumbi gari zima lilikuwa likilia, nani angebagua sauti? Siku hizi ni lami, na kila gonjwa lililojificha limepata nafasi ya kusema. Nilikuwa na dada yangu na wanawe wawili, na baada ya Matai tulikuwa tuteremke mpaka Kasanga, ziwani. Nilipofika kilomita 60 kwa saa kikaanza: vuuuu. Dada akanitazama. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa “tupa uchawi”, lakini siku ile uchawi haukuhusika hata kidogo. Tuligeuza tukarudi mjini.

Ndani ya kila gurudumu mna beringi, yaani pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na kati yake gololi au rola zinazoviringika katika grisi. Grisi ikiisha nguvu, au maji na matope yakipenya kwenye mpira wa kuzuia uchafu, uso wa pete huota vidonda. Kila gololi inayopita juu ya kidonda hugonga. Sasa pigeni hesabu: tairi la gari dogo lenye mzingo wa mita 1.9 hivi, kwa kilomita 60 kwa saa, huzunguka karibu mara 9 kila sekunde, na katika kila mzunguko gololi kadhaa hugonga. Hayo ni makumi ya mapigo kwa sekunde moja. Sikio haliwezi kuyahesabu, linayaunganisha na kuyaita mvumo. (Na ninyi mnaoteremka mlima mrefu kwa breki kisha mkaingiza gari mtoni kuliosha, jueni kwamba chuma cha moto kikipoa ghafla huvuta maji ndani.)

Mwanzoni nilikwenda vizuri. Tairi lililolika vibaya nalo huvuma vilevile, kwa hiyo nilihamisha za mbele nikazipeleka nyuma. Mvumo haukuhama. Isitoshe, sauti ya tairi hubadilika ukitoka kwenye lami ukaingia kwenye changarawe. Hii haikubadilika tabia. Nikatafuta mahali pa tambarare, nikatoa gia gari likiwa linakwenda: mvumo uko palepale. Nikasimama nikakanyaga mafuta: kimya. Basi si injini, wala si altaneta, wala si rola za mkanda. Ni kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu.

Kosa langu lilikuwa la upande. Nilimwambia fundi kwa uhakika wote, “Ni kulia, nasikia kwa masikio yangu.” Akaniamini, au aliamini pochi yangu. Tukanunua spea, ikafungwa, nikalipa. Kesho yake, kabla ya Msanzi, vuuuu.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima wa maneno machache. “Mzee,” akaniambia, “wewe unaketi kulia. Sikio lako liko wapi?” Sauti hupita katika chuma cha bodi na kutokea inapopenda. Akanipeleka kwenye kona pana zisizo na magari, mwendo wa wastani. Gari likikata kulia uzito huegemea magurudumu ya kushoto, na yakikata kushoto huegemea ya kulia. Tulipokata kulia mvumo ulinguruma. Tulipokata kushoto ukafifia karibu kutoweka. Beringi mbovu huwa inalalamika ikibebeshwa mzigo. Alinionya kwamba hiyo si amri ya serikali, ziko beringi zinazofanya kinyume, ndiyo maana hakununua kitu kabla ya kupiga jeki.

Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, tukanyanyua. Alishika tairi juu na chini akalitikisa: halikucheza. Mimi nilidhani basi, ni zima. Akasema beringi huweza kuvuma kwa muda mrefu kabla haijaanza kucheza. Akalizungusha kwa mkono mmoja, mwingine akaushika springi, akaniita nishike na mimi. Upande wa kulia springi ilitulia. Wa kushoto ilitetemeka vidoleni kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti.

Kuibadilisha nako kuna namna yake. Hakuigonga nyundo, aliipeleka kwenye mashine ya kushindilia, kwa sababu nyundo ikipitisha pigo kwenye gololi, beringi mpya hupata vidonda kabla haijaonja barabara. Magari ya zamani yenye beringi za rola unaweza kuziosha, kuzipaka grisi na kuzikaza upya. Za siku hizi zilizofungwa kiwandani hubadilishwa zima zima.

Je, ningeweza kuendelea nayo? Wengi huendelea. Lakini beringi iliyoachwa hupata moto, huanza kucheza, na mwisho wake gurudumu hukwama au huchomoka. Sumbawanga iko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000. Katika mteremko ule, na watoto kiti cha nyuma, nilishukuru kwamba tuligeuza.

Ile beringi ya kulia, iliyong’olewa bila kosa lolote, nilimpa mtoto wa jirani. Ameifanya gurudumu la mbele la kigari chake cha mbao. Kila jioni anapita nayo kwenye saruji ya baraza, na upande ule hausikiki hata mlio.